Dorcas wa Pili

Pale kwetu Ramsclough watu husema mdomo wangu hauna mlango. Ni kweli, wala sioni aibu. Nimewahi kumwambia mchungaji, kanisani, kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko dhambi zetu. Nimewahi kumwambia nyapara Sugden, mbele ya wanawake arobaini, kwamba akiendelea kuwapapasa watu viuno siku moja atarudi nyumbani na vidole pungufu. Kwa hiyo mtu akiulizia kilichompata mtoto wa kaka yangu, asije akasema Zillah alikosa ulimi. Ulimi nilikuwa nao.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kiwanda, kama nyumba zote za safu ile, na sharti lake lilikuwa moja: kila nyumba itoe watu watatu wa kutwa nzima. Sisi tulikuwa mimi, wifi yangu Marjory, na Seth, mwanawe mkubwa. Kaka yangu Enoch hakuhesabiwa. Vumbi la pamba lilikuwa limemla mapafu, na kazi iliyombakia ilikuwa kukaa karibu na moto na kukohoa. Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika madirishani, Seth akaondoka kwenda kujiandikisha jeshini. Hakuaga. Tuliamka tukakuta viatu vyake vya mbao viko mlangoni, yeye hayupo.

Siku ya pili yake Sugden alikuja. Hakuvua kofia.

"Watatu, Marjory," alisema. "Hapa naona wawili na kikohozi."

"Yupo binti yangu Dorcas," wifi akajibu.

"Dorcas ni wa nusu siku. Nusu siku si mtu."

"Na wewe Sugden ni kutwa nzima lakini bado si mtu," nikamwambia.

Alicheka. Mtu akikucheka ukiwa umemtukana, ujue ameshika mpini na wewe umeshika makali. Akatupa muda mpaka mwisho wa Februari, kisha akamtazama Enoch pale motoni, akayatazama na madirisha yenye barafu, akaondoka. Hakuhitaji kutueleza. Enoch angelala nje usiku mmoja tu wa msimu ule, asubuhi tungemchimbia kaburi.

Sheria mpya ilikuwa imeanza mwaka ule: mtoto asiyefika miaka kumi na mitatu afanye kazi nusu siku tu, nusu nyingine akae shule. Dorcas alikuwa na kumi. Alikuwa mfupi hata kwa huo umri wake, mwenye nywele za rangi ya majani makavu na maneno mengi kama shangazi yake. Asubuhi alikuwa akiniungia nyuzi kwenye mashine zangu mbili za kusokotea, na saa saba mchana anakimbia shule na kipande cha mkate mdomoni. Jioni alitusomea barua za wenzetu wa safu nzima. Yeye peke yake nyumbani ndiye aliyejua kusoma vizuri.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu halikuwa la ajabu hata kidogo. Kabla yake alikuwepo Dorcas mwingine. Huyo alizaliwa miaka miwili na ushei mapema, akabatizwa, akatembea, akajua kusema "mama" na "moto", kisha surua ikamchukua. Alipozaliwa msichana mwingine, Marjory akampa jina lile lile. Nyumba nyingi za Ramsclough zilifanya hivyo. Jina la bibi mzaa mama halitupwi kaburini kwa sababu mtoto wa kwanza kulibeba amekufa. Familia moja ya safu ya juu walikuwa na akina John watatu, wawili wako makaburini.

Jumapili moja tulikuwa tunakamua nguo, mimi na wifi, kila mmoja ameshika ncha yake ya shuka. Akasema bila kuniangalia:

"Yule wa kwanza angekuwa anatimiza kumi na mitatu mwezi huu."

Nikaelewa hapo hapo. Ningeliachia lile shuka lingeanguka kwenye tope.

"Wifi," nikasema, "usimvalishe aliye hai nguo za maiti."

"Una nyumba nyingine, Zillah? Kama unayo nionyeshe."

Sikuwa nayo. Tukaendelea kukamua.

Alhamisi akaenda kanisani kuomba nakala ya ubatizo. Nilimsindikiza, maana barabara ilikuwa inateleza. Karani wa kanisa, mzee Pym, alifungua kitabu kikubwa akapitisha kidole.

"Dorcas, binti Enoch na Marjory. Wako wawili hapa. Unamtaka yupi?"

"Wa kwanza."

Mzee akakiacha kidole chake juu ya mstari. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaandika wote wawili, na ndiye aliyemwandika huyo wa kwanza katika kitabu cha pili, cha maziko. Alitutazama mimi na Marjory, akatazama theluji iliyokuwa inayeyuka kutoka kwenye viatu vyetu. Kisha akachovya kalamu na kunakili, polepole, kwa mwandiko mzuri. Hakuandika uongo hata herufi moja. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu uongo wa kawaida una mahali pa kuukamata, na huu haukuwa na mahali.

Mtoto ilibidi afundishwe. Kila jioni Marjory alimsimamisha karibu na moto.

"Umezaliwa lini?"

"Tarehe nne Februari."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu, mama. Jana nilikuwa na kumi. Mniangalie vizuri, kwa mwendo huu Ijumaa naolewa."

Enoch alicheka mpaka akatapika damu kidogo kwenye kitambaa. Hata mimi nilicheka. Lakini siku ya tatu ya mafunzo hayo, nikiwa namsuka, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Shangazi, yule mwenzangu alikufa akiwa na miaka miwili, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa miaka hii mingine alikuwa anaikulia wapi?"

Nilimwambia akae sawa, nywele zinanipotea. 

Daktari wa kiwanda aliwapima watoto Jumatatu, katika chumba cha kuhesabia marobota. Alikuwa na farasi wake nje na safu ya watoto ishirini mbele yake. Alimpanua Dorcas mdomo, akaingiza kidole, akagusa meno ya nyuma, au tuseme pale yalipopaswa kuwa.

"Mdomo huu ni wa miaka kumi," alisema.

Marjory akatoa karatasi. Daktari akaisoma mbele, akaigeuza, akasoma tena.

"Na karatasi ni ya kumi na mitatu." Akafuta kidole chake. "Huwa mnawalisha nini watoto hawa?"

"Viazi, Mheshimiwa," wifi akasema. "Na uji, ukipatikana."

"Basi ndiyo maana hawakui." Akatia sahihi.

Hivyo ndivyo Dorcas alivyozeeka. Tulibaki na nyumba, na Enoch akabaki na moto wake.

Asiyewahi kusimama kiwandani hajui saa zinavyopishana. Asubuhi mtoto ana macho, ana miguu, anaimba. Baada ya chakula cha mchana bado yupo. Ni kuanzia saa kumi na moja jioni ndipo anapoanza kuondoka, taratibu, huku mwili umesimama. Taa za gesi zinawashwa, hewa inakuwa nzito na ya moto, mikanda inavuma juu ya vichwa, na ule mvumo ni wimbo wa kulalia. Mashine haina habari kama unayeitumikia amelala. Dorcas wa nusu siku hakuwahi kuziona saa zile. Dorcas wa kutwa nzima alizipata kila siku, kwa saa mbili na nusu, mpaka kengele ya saa moja na nusu.

Nilimfinya. Lazima niseme, maana wengine wamesema kwamba nilikuwa namlinda. Nilimfinya sikio mpaka likawa na alama ya kudumu, kwa sababu Sugden alikuwa na pipa la maji karibu na mlango, na aliyemkuta amesinzia alimchovya kichwa. Bora kucha zangu kuliko pipa lake, ndivyo nilivyojiambia. Usiku, akivua nguo, alinionyesha lile sikio akasema, "Shangazi, hili sasa ni lako. Langu ni lile jingine." Shule aliacha. Barua za majirani zikaanza kulundikana kwenye rafu, halafu majirani wakaacha kuzileta.

Katikati ya mwezi Machi alikuja mkaguzi wa serikali. Tulikuwa tumezoea habari za wakaguzi kutangulia farasi zao, lakini huyu alikuja kwa miguu na kuingia kwa mlango wa makaa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mafua, na masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi. Sugden alimkimbilia huku akifunga vifungo vya koti. Mkaguzi alipita mashine moja baada ya nyingine, na kwa kila mtoto aliuliza jina na umri, akilinganisha na daftari la kiwanda. Alipofika kwetu akachuchumaa. Nilishangaa. Sijawahi kuona mtu mwenye saa ya dhahabu akichuchumaa kwenye mafuta yale.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Dorcas, bwana."

"Umezaliwa lini?"

"Tarehe nne Februari, bwana. Nina kumi na mitatu."

Alijibu kwa haraka mno. Swali la tatu alikuwa hajaulizwa bado. Mkaguzi akatabasamu kwa huzuni, akamtazama mikono, akamtazama lile sikio. Kisha akasimama, na badala ya kumgeukia Sugden akanigeukia mimi.

"Wewe ni nani wake?"

"Shangazi yake."

"Mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemkata kitovu, kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

"Nilikuwepo, bwana."

Akasogea karibu ili Sugden asisikie. "Nikiambiwa na mtu wa nyumbani kwake kwamba hajafika umri, leo hii namtoa humu, anarudi nusu siku na shule. Mengine sitayaweza. Nyumba si zangu. Ila hilo nitaliweza. Mtoto huyu ana miaka kumi na mitatu?"

Dorcas alikuwa ananitazama. Nimejiuliza mara nyingi alitaka niseme nini. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu anayesubiri kuambiwa njia ni ipi ili aifuate. Nyuma yake, mwisho wa chumba, nilimwona Marjory amesimama na fagio mkononi, na hata kwa mbali kule niliona midomo yake ikisogea. Alikuwa anaomba Mungu. Sikujua anaomba lipi.

Nikamfikiria Enoch. Nikaifikiria theluji. Mimi, Zillah, ambaye sijawahi kushindwa kumwambia mtu kweli usoni, nikasema:

"Kumi na mitatu, bwana. Viazi tu ndivyo vimemdumaza."

Mkaguzi alisubiri kidogo, kama mtu aliyeacha mlango wazi nusu. Halafu akaandika, akapenga kamasi, akaenda mashine ya pili. Sugden aliponipita alinigonga bega kirafiki. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na nilitamani ungekuwa kofi.

Tangu siku ile moyo wangu haukukaa. Theluji iliyeyuka, mto ukajaa, gurudumu kubwa likazidi kasi na mashine nazo zikazidi. Nyuzi zilikatika ovyo. Nilianza kumwambia Marjory kwamba msimu wa baridi unakwisha, kwamba Enoch sasa anaweza kuvumilia chumba cha kupanga kule bondeni, kwamba tumtoe mtoto. Alinijibu, "Mpaka Pentekoste, wifi. Tuvuke Pentekoste tu." Nikasema sawa. Mgonjwa akikwambia kesho, unamwambia sawa.

Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kulikuwa na desturi yetu. Mashine ilitakiwa iwe safi kabla ya kengele, na usafi haukuhesabiwa kuwa kazi. Sheria ilisema mtoto asisafishe mashine inayokwenda. Sugden alisema mashine ikisimama nusu saa kabla ya kengele basi tutabaki nusu saa baada ya kengele. Na sisi wenyewe, naapa, sisi wanawake ndio tuliosema: acheni ziende, watoto waingie chini na vitambaa, tutoke mapema, Jumamosi ni moja. Desturi hiyo hakuileta Sugden. Tuliitaka. Nilikuwa nimeshaweka kofia yangu kichwani.

Dorcas aliingia chini ya mashine ya pili. Niliona nyayo zake, viatu vya mbao vimetazama juu. Nikaona havisogei. Nikajua amelala.

Nikainama nimfinye. Hicho ndicho nilichofanya. Niliingiza mkono nikamfinya mguu, kwa nguvu, kama nilivyozoea, naye akashtuka na kuinua kichwa.

Aproni ndiyo iliyotangulia kushikwa, halafu nywele. Sitasema zaidi. Mwanamke wa mashine ya jirani ndiye aliyeuvuta mkanda mkuu ili mashine zisimame, maana mimi mikono yangu ilikuwa imegoma. Kelele zilikoma chumba kizima, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisikia maji ya mto yakipita chini ya sakafu.

Tulimbeba juu ya mlango uliong'olewa mpaka nyumbani. Daktari yule yule alikuja, akatazama, akavaa glavu zake tena. Dorcas aliishi mpaka Jumapili asubuhi. Hakulia. Mara moja tu alifungua macho, akanikuta mimi nimekaa pale, akajitahidi kuinua mkono uliobaki mpaka sikioni, akalifunika.

"Sikulala, shangazi," alisema. "Nilikuwa nasafisha."

Kengele za ibada zilipoanza alikuwa ameshakwenda.

Jumanne tulisimama mbele ya mzee Pym, mimi na Marjory, kwa ajili ya kitabu cha maziko. Enoch hakuweza kupanda kilima. Mzee alichovya kalamu.

"Jina ninalo," alisema kwa upole. "Umri?"

"Kumi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelibeba tangu siku ya mkaguzi, na sasa hakuna wa kunizuia nisiseme kweli: mtoto hayupo, hana cha kupoteza. Nilisikia hata raha kidogo, Mungu anisamehe.

"Kumi na mitatu," Marjory akasema.

"Wifi..."

"Kumi na mitatu." Alikuwa ameshika meza ya karani kwa mikono yote miwili. "Kama alikuwa na kumi, Zillah, basi nimemuua mimi. Mimi na kile kikaratasi. Lakini kama alikuwa na kumi na mitatu, alikuwa mfanyakazi kama wewe na mimi, na mashine imemshika kama inavyoshika watu. Mzee, andika kumi na mitatu."

Mzee Pym hakuandika. Alininyanyulia macho na kungoja, kalamu inadondosha wino juu ya kitambaa.

Nilimtazama wifi yangu. Tumefua pamoja miaka kumi na mitano. Najua kila shuka alilonalo na kila tundu lake. Nilijua kwamba nikisema kumi mara ya pili, hatutarudi nyumbani wawili.

"Andika kumi na mitatu," nikasema.

Akaandika. Kisha akaangalia alichoandika, akafunua kile kitabu kingine, cha ubatizo, akaangalia na huko, akavifunga vyote viwili haraka. Nadhani aliliona kabla yetu. Kwa mujibu wa vitabu vya kanisa letu, yule Dorcas wa kwanza amekufa mara mbili. Wa pili amezaliwa, amebatizwa, basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikufa.

Sugden hakutufukuza. Alituletea yatima kutoka nyumba ya maskini akae nasi, awe wa tatu wetu, na mambo yakaendelea. Pentekoste ikapita. Mwishoni mwa mwezi wa tano jua likaanza kufika kwenye kizingiti, na Enoch akawa anatolewa nje kukaa kwenye kiti.

Jumapili moja ya mwezi huo nilikuwa namenya viazi. Marjory aliingia kutoka kanisani akiwa amevaa shali yake nzuri. Mashavu yake yalikuwa na rangi. Nilifurahi kumwona vile, sikuwa nimemwona vile tangu mwezi wa tatu.

"Nimemwomba mzee Pym anisomee kitabu," alisema. "Zillah, hayumo. Nimemfanya asome mara mbili. Dorcas wetu hayumo kwenye maziko." Akaitundika shali msumarini. "Leo anatimiza kumi na moja."

Enoch alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Aligeuza kichwa akanitazama, akitaka kusikia nitasema nini, kwa kuwa kila mtu anajua mdomo wangu.

Nikaweka kisu chini. Nikamwuliza wifi angependa tumpikie Dorcas nini.